Boss RC-1: lupa kwa sisi tuliojifunza gitaa wenyewe

Haya mapitio nayaandika kwa ajili ya mpiga gitaa ambaye hajawahi kukaa darasa la muziki, aliyejifunza kwa redio na kwa kuangalia vidole vya wakubwa wa mtaani, ambaye raha yake kubwa sio kumaliza wimbo ila ni kuzurura humo ndani ya wimbo bila kujua atatokea wapi. Nimeangalia mapitio mengi ya hii pedali ya Boss RC-1, karibu yote jamaa anapiga bluzi, anapiga roki, anamaliza, hamna hata mmoja anayesema inakuaje ukitaka kupiga rumba au dansi la zamani la kwetu, na mi huko ndo nilikotokea, kwa hiyo acha niseme nilichokiona.

Kitu chenyewe ni lupa, yaani mashine ya kurudia ulichopiga, kiboksi chekundu cha chuma kinachokaa chini mbele ya mguu. Boss wapo chini ya Roland ya Japani, na hii RC-1 waliitoa 2014. Kazi yake ni moja tu: unakanyaga, unapiga kipande chako, unakanyaga tena, kile kipande kinaanza kujirudia, ndo lupu hiyo, na juu yake unaongeza kipande kingine, na kingine, mpaka uridhike. Inachukua mpaka dakika 12 za stirio, ambazo ni nyingi mno kwa mtu anayezungusha baa nne, yaani vipimo vinne vya mapigo. Ina nobu moja, ya kupandisha na kushusha sauti ya kile ulichorekodi, na duara la vitaa 24 linalozunguka kukuonyesha umefika wapi kwenye mzunguko, nyekundu ukiwa unarekodi, kijani ikiwa inapiga. Hamna skrini, hamna menyu, hamna ngoma za ndani. Ukiharibu safu ya mwisho unakanyaga na kushikilia kama sekunde mbili inafutika, ile ya chini yake inabaki. Siku ileile ya kwanza mguu unakua umeshaizoea.

Niseme mapema kwamba naipenda sana. Kwa mtu anayetaka kujifunza kupiga papo kwa hapo sijaona kitu cha bei yake kinachoikaribia. Ila ina kasoro moja kubwa kwa muziki wetu, nitaifikia, kwanza nieleze kwa nini inamfaa hasa mtu aliyejifunza mwenyewe.

Sisi tunajifunza kupitia nyimbo. Hatuna mwalimu wa kutuambia hii ni skeli fulani, tulichonacho ni wimbo tunaoupenda na sikio. Mi nilianza na zilipendwa, kwa gitaa kavu la baba mdogo lililokua limekatika uzi wa kwanza na redio ambayo pale nyumbani ilikua haizimwi, na mtu niliyemganda kwanza ni Mbaraka Mwinshehe. Nadhani kila mpiga gitaa wa Tanzania amepita kwa Mbaraka, hata kama hajijui, mana waliomfundisha walipita huko. Morogoro Jazz, bendi aliyokuwemo, ilifika mpaka Osaka, Japani, kwenye Expo 70, afu 1973 Mbaraka akaanzisha bendi yake ya Super Volcano, na Januari 1979 akafariki kwa ajali ya gari kule Mombasa, hata miaka 35 hajafikisha. Solo zake nilizikopi noti kwa noti, narudisha kaseti nyuma, napiga, narudisha, napiga, mpaka utepe wenyewe ukaanza kulia vibaya.

Sasa solo ya kwenye kaseti ina mwisho. Mwimbaji anaingia, solo imekwisha, na we umekwisha nayo. Unaweza ukawa na solo kibao kichwani, watu wakakusifia kwamba dogo anajua, kumbe kila ukipiga unasoma kitu kilichotungwa na mtu mwingine kabla hujazaliwa. Siku mtu akikuambia haya endelea, zungusha kidogo, watu wanacheza, unarudi mwanzo wa solo ileile mana hamna kingine.

Na hili sio letu peke yetu. Wes Montgomery wa Indianapolis, Marekani, ambaye wapiga gitaa wa jazi mpaka leo wanamtaja kwa heshima zote, alianza kulishika gitaa la nyuzi sita akiwa karibu miaka 20, baada ya kusikia santuri ya mpiga gitaa wa jazi Charlie Christian. Hakufundishwa, na noti za kwenye karatasi hakuzisoma maisha yake yote. Alizikopi solo za Charlie Christian kwa sikio, akapata kazi kwenye klabu ya kupiga hizo hizo, na zikiisha anatulia pale jukwaani mana hakua na kingine cha kupiga. Mi nilivosikia hii habari mara ya kwanza nilifarijika kweli kweli. Yaani huyo mtu ambaye baadae watu walishindwa kuelewa anatoa wapi mawazo yote yale, alianzia hapohapo tulipokwama sisi.

Hapa ndo RC-1 inapoingia. Lupu haina mwisho. Unaweka kodi zako tatu za gitaa, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, zinazunguka, unamwaga kila ulichokopi kwa Mbaraka, unamwaga vya Franco wa Kongo, vinaisha, na vile vitaa vinaendelea kuzunguka tu, gitaa la ridhimu linakusubiri. Hapo unachagua, urudie au utafute. Ukitafuta, mwanzoni unatoa vitu vya ajabu, noti hazikai, vidole vinarudi kwenye njia walizozoea, ila mashine haichoki na haina haraka, haikukunjii uso kama mpiga ridhimu anayetaka kwenda kwao. Usiku mmoja ukifika raundi ya ishirini kuna kitu kinatoka ambacho hujawahi kukisikia popote, kidogo tu, noti nne au tano, na unajua kabisa kwamba hiki ni changu. Mi nilikua sijawahi kupata kitu hicho kwa kaseti wala kwa simu.

Niende kwenye namna ya kuitumia, mana humu ndo kuna mambo ambayo wale jamaa wa bluzi hawatakuambia.

Muziki wa dansi unajengwa kwa magitaa yanayojibizana. Kuna ridhimu, kuna solo la pili, kuna solo, na besi chini, kila moja linapiga kidogo tu, na ukilisikiliza moja moja unaweza kusema hamna kitu hapa, utamu upo kwenye yale mapengo, hili linapoacha lile linajaza. Kwa lupa unaweza kuyajenga yote mwenyewe. Naanza na ridhimu kwenye C, F, G, narudi F, baa nne. Juu yake naweka solo la pili, vile vipande vifupi vya nyuzi mbili mbili katikati ya shingo. Besi naibia kwenye nyuzi nene za gitaa hilohilo, nafunga toni yote isiwe kali. Afu ndo naanza kupiga solo juu, na hiyo siirekodi, naiacha ipite.

Tatizo la kwanza utakalokutana nalo ni kwamba magitaa yetu mengi hayaanzi kwenye moja, yaani mpigo wa kwanza wa baa. Solo la pili linaingia baada ya mpigo, au linaanza nusu mpigo kabla baa haijafika. Pedali haijui hilo, yenyewe inaanza kurekodi pale mguu ulipogusa chini. Ukikanyaga mguu na mkono kwa pamoja, mzunguko wote unakua umesogea, na ukija kuweka safu ya pili kila kitu kinachechemea na hujui kwa nini. Dawa yake ni kuanza kupiga kabla ya kukanyaga. Piga raundi nzima bila kurekodi, mguu upo juu tayari, raundi ya pili inapoanza kanyaga kwenye moja hata kama mkono wako muda huo upo kimya, na ya tatu inapoanza kanyaga tena. Hivo zile noti zinazoingia kabla ya baa zinakamatwa mwishoni mwa mzunguko, sehemu yake halali, na lupu inafunga bila mshono. Kuna raha fulani ya kukanyaga mguu kwenye moja huku mkono haupigi kitu, halafu unaanza nusu mpigo baadae, ni kama mwili umegawanyika na kila nusu inajua kazi yake.

La pili ni klave, na hili nalisema kwa msisitizo. Rumba ya Kongo na dansi letu vimekula sana muziki wa Kuba. Kuanzia miaka ya 1930 zile santuri za GV za kampuni ya HMV zilikua zinaleta muziki wa Kuba huku Afrika, watu wa Kinshasa wanasikiliza, watu wa Dar na Morogoro wanasikiliza, ndo mana Salum Abdallah pale Morogoro bendi yake iliitwa Cuban Marimba. Sasa ule mpigo wa klave una mapigo matano yaliyosambaa kwenye baa mbili, baa moja ina matatu na nyingine ina mawili. Ukifunga lupu yako kwenye baa tatu au tano, raundi ya kwanza iko sawa, raundi ya pili klave imegeuka, matatu yamekaa pa mawili. Mtu asiyejua hatasema kosa ni nini ila mwili wake utagoma kucheza. Kwa hiyo baa mbili, nne au nane, basi. Mtu aliyesoma muziki hili analijua kwa jina, sisi wa sikio tulikua tunalihisi tu, na mi hii pedali ndo ilinifanya nilione waziwazi, mana ilikua inanirudishia kitu kilekile tena na tena mpaka nikakaa chini kuhesabu.

Na la tatu, inakuvua nguo kwenye taimu. Kwenye bendi ukiyumba mpiga ngoma anakubeba, mpiga besi anakufunika. Lupa inarekodi kuyumba kwako na kukusomea kila baada ya sekunde nane. Hasa benga. Jaribu kuweka ridhimu ya benga kwa kasi yake halisi, ule mwendo wa kina Daniel Owino Misiani na Shirati Jazz, mkono ukichelewa nukta tu unasikika. Wiki za mwanzo zinaumiza roho, ila hamna mwalimu wa taimu mwaminifu kuliko hii.

Nimesema nilianzia kwa Mbaraka. Baada ya hapo nikahamia Kongo moja kwa moja, kwa Franco. Kuna habari yake moja ninaipenda, kwamba mama yake alikua anauza maandazi sokoni Kinshasa na Franco akiwa mtoto alikua anapiga kigitaa alichojitengenezea mwenyewe ili kuvuta wateja kwenye meza ya mama. Mtu wa namna hiyo anajua kabisa kwamba gitaa ni la kumfanya mpita njia asimame. OK Jazz ilianza 1956 na Franco aliiongoza mpaka alipofariki 1989, na kitu kinachoonekana kwenye gitaa lake ni ujasiri wa kurudia. Anakamata kipande kimoja, nyuzi mbili kwa pamoja, anakirudia na kukirudia, anakibana, anakisogeza kidogo, mpaka kinawaka. Dr Nico, mpiga gitaa mwingine wa Kongo, yeye ni maji, noti zinateleza, tamu, safi. Nikiwa kijana nilikua nambishia kila mtu kwamba Nico ndo zaidi, siku hizi nikiwa na lupu inazunguka najikuta kwa Franco, mana ukipewa mzunguko usioisha unagundua kwamba kutoa noti nyingi sio shida, shida ni kuwa na kipande kimoja chenye nguvu ya kurudiwa na ukakibadilisha bila mtu kujua umekibadilisha wapi.

Baadae nikaja kukutana na Ali Farka Touré wa Mali na hapo lupa ilibadilika kabisa matumizi. Huyu naye hakufundishwa na mtu gitaa, alianza na ala za kwao, ikiwemo ile yenye uzi mmoja, afu 1956 alimwona Fodéba Keïta wa Guinea akipiga gitaa na hapo ndo akalitaka, akahamishia vidole vyake vya uzi mmoja kwenye nyuzi sita. Muziki wake mwingi haubadilishi kodi. Kwa hiyo nilifuta C, F, G zangu zote, nikarekodi noti moja nene ya chini inayojirudia na kakipande kadogo juu yake, basi, na kuzurura humo. Mtu wa rumba mwanzoni unaona umepotea, hamna kodi ya kukuambia sasa geuka. Inabidi ugeuke mwenyewe, kwa sauti, kwa nguvu ya mkono, kwa kunyamaza. Mi nadhani hili ndo zoezi bora kuliko yote unayoweza kufanya na RC-1 na halihitaji ujuzi wowote, hata mtu wa mwezi wa kwanza anaweza. Noti moja ya chini, nyamaza, sikiliza, ingia.

Kwa Wes nilifika mwisho, na nimekaa. Mchana alikua anafanya kazi kiwandani na usiku anapiga kwenye klabu za Indianapolis, familia kubwa inamtegemea, na inasimuliwa kwamba ule mtindo wake wa kupiga kwa dole gumba bila pleki, kale kaplastiki ka kuchezea nyuzi, ulianza kwa sababu ya majirani, alikua anafanya mazoezi usiku nyumbani na dole gumba linatoa sauti ya chini. Anayeishi nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na korido moja ataelewa. Mi pia nimeacha pleki usiku, na mkono umebadilika sauti. Kitu kingine chake ni zile okteva, noti moja inapigwa mara mbili kwa pamoja, ya juu na ya chini, na ukizisikia vizuri haziko mbali na nyuzi mbili mbili za kwetu, mkono wa mtu wa rumba unazishika haraka. Santuri yake iliyomtangaza ilitoka 1960 na 1968 akafariki, miaka 45. Ukiweka lupu ya kodi mbili za jazi, taratibu, na kujaribu kupanga solo kama alivyokua anapanga yeye, kwanza noti moja moja, afu okteva, afu kodi nzima nzima, unaona namna ya kulipandisha jambo bila kuongeza kelele. Na ukishalijua hilo ukirudi kwenye sebene unalipiga vingine.

Yupo ambaye lupa haimsaidii. Ni Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, Kongo, yule ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi 1952, anaimba kwa Kiswahili na gitaa kavu, dole gumba linapiga chini na kidole cha shahada kinapiga juu, na ukisikia unasema hapa wapo watu wawili. Nimejaribu kuuweka mtindo ule kwenye lupu na kuongeza kitu juu, inakua fujo, hamna nafasi, jamaa ameshajaza kila kitu kwa vidole viwili. Siku nikitaka kujifunza kwa Mwenda nachomoa waya naiacha pedali chini.

Sasa kasoro. Kubwa kuliko zote ni kwamba RC-1 inashika kipande kimoja tu. Na wimbo wetu una sehemu mbili, kuna pale panapoimbwa, taratibu, maneno yanasikika, afu kuna chemko, ndo watu wanainuka. Ule mgeuko wa kutoka kwenye kuimba kuingia chemko ndo roho ya dansi lote, na ndo sehemu ambayo mpiga solo anaonyesha ametoka kwao kufanya nini, na RC-1 haikupi. Ukishaweka sehemu ya kwanza inazunguka, kwenda kwenye chemko lazima usimamishe, ufute, urekodi upya, na joto lote limeshapoa. Kwa mazoezi ya chumbani unavumilia, unafanya leo sehemu hii kesho ile. Kwa jukwaani peke yako, mtu anayetaka kupiga hotelini au kwenye sherehe ndogo, itakubana. Huyo ningemwambia aangalie zenye lupu mbili, Boss wana RC-500 yenye traki mbili, TC Electronic wana Ditto X4 ambayo nayo ina lupu mbili na unaweza kuzipokezanisha, ila bei inapanda na mguu unakua na kazi zaidi.

Nyingine ni kusimamisha. Inabidi ukanyage mara mbili haraka haraka, na lile kanyagio la kwanza kabla ya la pili linaweza kuiambia ianze kurekodi juu yake, kwa hiyo mwisho wako unakua hauko safi sana. Kuna suichi ya nje ya mguu unaweza kuchomeka ya kusimamishia, inatatua kabisa, ila inauzwa peke yake. Adapta nayo inauzwa peke yake. Betri ya volti 9 inafanya kazi lakini haidumu, na mi nimeishia kuipenda betri kwa sababu moja tu, umeme ukikatika naendelea na kiampu changu kidogo cha betri, giza zima, taa 24 zinazunguka. Tundu la hedifoni haina, hili kwa mtu wa nyumba ya kupanga ni la kuzingatia, lazima utafute ampu yenye hedifoni.

Watu wananiuliza kuhusu Ditto ile ndogo. Ni nzuri, ni ndogo zaidi, sauti safi, inachukua dakika tano, ila haikai betri na haina duara la taa, na mi lile duara ndo limenifundisha kuona baa nne kwa macho, hasa mwanzoni. Wengine wanauliza RC-5, iliyotoka 2020. Hiyo ina skrini, inahifadhi vipande 99 na ina ngoma za ndani, na kama unataka kutunza mawazo yako ni bora kweli. Ila ngoma zake nimezijaribu kwa rafiki yangu, hazikunikaa kwenye rumba, na kwa anayejifunza kupiga papo kwa hapo bado naona kutokuwa na ngoma kunakulazimisha ubebe taimu mwenyewe. Programu za simu za kurekodi lupu zipo, za bure zipo, tatizo ni mkono, huwezi kugusa skrini kwenye moja huku mkono uko kwenye nyuzi.

Na kuna jambo ambalo hamna pedali yoyote italiziba. Wiki jana alikuja mshikaji wangu na besi yake, tukaweka RC-1 inazunguka ridhimu, yeye besi, mi solo. Katikati akabadilisha mwendo, akaacha moja, akaingia kwenye nusu, ananiangalia anacheka. Nikamfuata. Lupu ikabaki palepale, inasema kilekile ilichosema mwanzo, na tukaona kwamba sasa yenyewe ndo inatubana, nikakanyaga mara mbili ikanyamaza, tukaendelea wawili. Yale tuliyopiga baada ya hapo yalikua bora kuliko yote ya jioni ile. Ila najua pia kwamba miaka mitatu nyuma nisingeweza kumfuata, ningerudi kwenye solo ya Mbaraka.

Ukiamua kuinunua, nenda na gitaa lako na waya wako dukani, sio kwamba uijaribu kwa gitaa lao. Rekodi baa nne, ongeza safu tatu juu, uisikilize dakika tano nzima bila kupiga kitu, sikiliza pale inapofungia kama kuna mlio wa tiki. Kama ni mtumba, kanyaga mara nyingi kwa nguvu tofauti, mana kinachokufa kwanza kwenye pedali za mguu ni suichi. Iweke mwisho kabisa baada ya pedali zako zote, kabla ya ampu, ili ubadilishe sauti ya solo bila kuharibu ridhimu uliyokwisha rekodi. Na adapta nunua siku hiyohiyo, ya volti 9 aina ya PSA, usichomeke yoyote iliyopo nyumbani kwa sababu tu imeingia.

Kwa mpiga gitaa wa chumbani aliyejifunza mwenyewe naipa nne na nusu kwa tano. Kwa anayepiga peke yake jukwaani nyimbo zenye chemko naipa tatu, atafute yenye lupu mbili.